Bwana Akistaafu, Mama Atastaafu Lini?



Wapenzi wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wenye ukurasa huu, juma lililopita hamkuyaona maneno yetu. Wako waliouliza kama tu wagonjwa. Alhamdulillah, tu wazima. Tulikuwa Unguja, sisi na mwenzetu, mama wa watoto wetu, na tulilala huko siku tatu. Hatukwenda harusini wala matangani. Tulikwenda kupumzika.

Twajua neno hilo litawashangaza baadhi yenu, maana lilimshangaza hata dada yetu wa tumbo moja. Alituuliza kwa simu, "Mwaenda kwa nani?" Tulipomjibu kuwa hatwendi kwa mtu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mgonjwa tunayemficha. Hatumlaumu. Sisi watu wa pwani tumezoea safari zenye sababu: arusi, maziko, matibabu, umra, na aliyejaaliwa, hija. Mume na mke wazima, wenye wajukuu, kufunga mkoba na kuvuka mpaka kwa ajili ya kukaa tu, hilo twaliona ni jambo la watalii.

Lakini dini haikutufungia mlango huo. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, na Bibi Aisha akamshinda. Miaka ikapita, Bibi Aisha akawa amenenepa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume (s.a.w.) akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Aliyebeba ujumbe kwa walimwengu wote alipata wasaa wa kukimbia na mkewe, sembuse sisi tunaobeba chaki na vitabu vya madrasa.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Tumebakiwa na miaka minne tufike 60, umri ambao watumishi wa umma nchini mwetu huagwa kazini. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiitaja siku hiyo nyumbani kama watoto wanavyoitaja Idi. Tutafanya hivi, tutakaa vile. Siku moja mwenzetu akasema, "Mpishi huonja mchuzi kabla ya kupakua. Nasi tuonje huko kustaafu, tujue kukoje." Basi tukachukua akiba tuliyokuwa tumeiweka kidogo kidogo, tukakata tikiti za ndege mbili.

Maandalizi yenyewe yalitufundisha jambo, ila siku zile hatukulifahamu. Sisi tulitengeneza pasi zetu za kusafiria, tukatafuta kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukajiona tumemaliza kazi. Mwenzetu kwa wiki nzima alifua, akapiga pasi, akapika mchuzi na mbaazi za siku tatu akazitia katika friza, akamwandikia kijana wetu orodha ya dawa za nyanya yake na saa za kuwalisha kuku. Usiku wa kuamkia safari alilala saa nane. Tulipokaa ndani ya ndege, kabla haijaondoka ardhini, alikuwa tayari amesinzia, na safari yenyewe haifiki saa moja. Tulimwamsha tulipotua.

Palikuwa pia na suala la jamaa. Unguja tuna jamaa, na jamaa wa Kiswahili hakubali ulale nyumba ya wageni naye ana kitanda. Tulijua tukifikia kwao, mwenzetu ataingia jikoni saa ile ile kuwasaidia wenyeji, kwani ndiyo adabu, na sisi tutaketi barazani na wanaume hadi usiku. Kwenda bila ya kuwaambia nako ni kuukata udugu. Tukawapigia simu mapema, tukawaomba radhi, tukawaambia kuwa siku ya mwisho tutakuja kwao chakula cha mchana. Walinung'unika, kisha wakakubali. Tunalitaja hili kwa sababu wengi huacha kupumzika kwa kuwaogopa jamaa. Ukweli ukisemwa mapema kwa heshima, hauvunji udugu.

Tulitua adhuhuri ya Jumatatu. Kwa manufaa ya wanaosafiri, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huhesabiwa mkaazi, na hukamilisha swala zake. Muda wetu ulikuwa pungufu ya huo, basi tuliposwali wenyewe tulipunguza adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, na tulipomfuata imamu mkaazi msikitini tulitimiza nne pamoja naye.

Jioni hiyo tulikwenda Forodhani. Upepo ulikuwa mzuri, majahazi yakipita, watoto wakijirusha baharini kutoka ukingoni. Tulikunywa urojo na juisi ya miwa. Tukazungumza habari ya karo ya mtoto wa mwisho. Tukazungumza habari ya paa linalovuja. Kisha mazungumzo yakaisha. Tuliketi pale karibu nusu saa, watu wawili walioishi pamoja zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyekuwa na neno. Hatukuwa tumegombana. Nyumbani maneno yetu huletwa na kazi: huyu ameomba hiki, yule amekosa kile. Kazi zilipobaki ng'ambo ya pili, na maneno yalibaki nazo. Tulirudi chumbani tukiwa na wasiwasi tusiousema.

Alfajiri ya Jumanne tuliswali Malindi, katika msikiti wa Ba Mnara, wenye mnara mnene chini na mwembamba juu unaofanana na ule wa msikiti wa Mandhry kwetu Mombasa. Tuliporejea tulimkuta mwenzetu bafuni, ameinama juu ya beseni, anafua kanzu yetu ya jana. Tukamwambia aache, tumekuja kupumzika. Akasema, "Mikono haijui." Tukashuka kunywa chai. Kijana wa pale alileta maandazi, ambayo sisi twayaita mahamri, na mayai na matunda. Mwenzetu akainuka kutumiminia chai. Kijana akamwambia kwa upole, "Kaa mama, hii ni kazi yangu." Akakaa, lakini hakujua aiweke wapi mikono yake. Nasi, tuseme kweli, tulikuwa tumekwisha kusukuma kikombe chetu upande wake.

Asubuhi ile aliomba alale kidogo, nasi tukapita vichochoroni mwa Mji Mkongwe mpaka Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa na kucheza bao. Mzee mmoja aliyekuwa karani serikalini alitukaribisha. Tulipomweleza kuwa tumekuja kuonja kustaafu, alicheka sana. Akatusimulia kuwa alipoacha kazi, miezi mitatu ya mwanzo alishinda nyumbani, na kwa kukosa makarani wa kuwaamrisha akaanza kumwamrisha mkewe. Alimfundisha namna ya kukata vitunguu. Alimhesabia unga. Mwisho mkewe alimpa kanzu safi na shilingi za kahawa akamwambia, "Baba, nenda ukakae na wenzio, urudi adhuhuri." Tangu siku hiyo yuko pale kila asubuhi. Wazee wote walicheka, nasi tukacheka nao. Lakini tukirudi tulijiuliza: huyu mama, mumewe anapokwenda barazani kupumzika, yeye huenda wapi?

Jumatano tulipanda gari tukaenda Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa. Bahari ya huko ikipwa hukimbia mbali sana, na mchanga mweupe hubaki wazi. Tuliketi chini ya mnazi. Mbele yetu wanawake walikuwa ndani ya maji ya magoti, kanga zimefungwa viunoni, wakifunga mwani katika kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Kilimo hicho cha biashara kilianza kisiwani humo mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani huanikwa, hukaushwa, kisha husafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa kitu cha kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno na baadhi ya vyakula. Baadhi ya wanawake wale walikuwa watu wazima kuliko mwenzetu. Maji yalipoanza kujaa walibeba magunia mabichi kichwani wakapanda nayo ufukweni, kisha bila shaka wakaenda kupika.

Mwenzetu aliwatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Maalim, wewe siku yako ya kustaafu waijua hata tarehe. Mimi nitastaafu lini?"

Hakusema kwa hasira. Lau angesema kwa hasira tungepata la kujibu. Tumetoa darsa za ndoa misikitini miaka mingi, tumesuluhisha nyumba za watu, lakini jibu la swali hilo hatukuwa nalo.

Tukamwomba tuutazame pamoja ule mpango wetu wa kustaafu, tuliokuwa tukijivunia. Tulipanga kujenga nyumba ndogo shambani upande wa Kwale. Tulipanga kufuga kuku mia. Tulipanga baraza kubwa, ambapo kila siku baada ya alasiri tutapokea wanafunzi wetu wa zamani na wageni, tusome na tunywe kahawa. Yeye akauliza swali moja moja. Kuku mia atawalisha nani wewe ukiwa msikitini? Baraza atafagia nani? Kahawa na kitafunio cha kila siku atapika nani? Na huko shambani, mbali na dada zangu na hospitali, nikiumwa goti usiku nitamwita nani? Tulihesabu. Kila tulichokiita mapumziko yetu kilikuwa kazi juu ya mikono yake. Tulikuwa tumempangia kazi mpya uzeeni, na hatukuwa tumemuuliza.

Kisha akatuambia jambo jingine. Alipoolewa nasi alikuwa akihifadhi Qur'ani, na alikuwa amefika juzuu ya tisa. Tulilijua hilo siku ya posa. Ni miongoni mwa sifa zilizotupeleka kwao. Mtoto wa kwanza akazaliwa, na wa pili, na mama yetu akaja kukaa nasi, na msahafu ukafungwa pale pale. Alikuwa akingoja siku sisi tutakapostaafu, labda naye apate saa moja ya asubuhi. Tumewafundisha watoto wa watu kuhifadhi miaka yote hii, na ndani ya nyumba yetu mlikuwa na mtu aliyesimama juzuu ya tisa, nasi tulikwisha kusahau.

Wapenzi wasomaji, Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo tumeisomesha mara nyingi. Tulikuwa tukiisomesha kama sifa ya Mtume (s.a.w.), na ni sifa yake kweli, lakini hatukuisoma kama ratiba ya mume. Mwenyezi Mungu naye ametueleza katika Suratur-Rum kuwa ametuumbia wake zetu ili tupate utulivu kwao, na akatia baina yetu mapenzi na huruma. Baina yetu, yaani pande zote mbili. Utulivu wa mmoja ukinunuliwa kwa uchovu wa mwenzake, huruma hapo haijatimia.

Wala tusijidanganye kuwa tutayarekebisha haya siku ya kustaafu itakapofika. Unguja ndiko alikozaliwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy mwaka 1912, yule aliyetufasiria Qur'ani kwa Kiswahili na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968. Alipoacha kazi hiyo alihamia Oman, na huko akafariki mwaka 1982, muda usiokuwa mrefu baadaye. Yeye, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitangulia na kazi yake imekamilika, na twaisoma hadi leo. Lakini wengi wetu tunaahirisha wema wa nyumbani mpaka miaka ambayo hakuna aliyetuahidi. Mtume (s.a.w.) alituhimiza tuitumie afya kabla ya maradhi na nafasi kabla ya shughuli.

Jambo la mali pia tulilizungumza, kwa kuwa wanaume wengi hulinyamazia. Mume akifa na ameacha watoto, fungu la mkewe katika mirathi ni thumuni. Asipoacha watoto ni robo. Na mrithi hausiwi zaidi ya fungu lake ila warithi wengine wakiridhia. Kwa hiyo anayetaka mkewe apate pa kuegemea uzeeni, asitegemee maneno ya kusema siku ya mwisho. Akiwa hai na mzima, ana ruhusa ya kumpa hiba katika mali yake, na hiba hutimia kwa kumkabidhi, si kwa kuahidi. Yale malipo ya mkupuo anayopewa mstaafu huisha upesi, na mara nyingi huisha kwa mambo ya wanaume. Mzungumze kabla hayajaingia mkononi.

Siku ya Alhamisi tulikula kwa jamaa zetu. Mwenzetu aliingia jikoni kama tulivyotarajia, lakini alitoka akicheka, na ndani ya ndege hakulala. Tulizungumza njia nzima, wala hatukuitaja karo.

Tumeafikiana mambo matatu. La kwanza, hatuhami mjini; shamba litabaki la kutembelea, na kuku watakuwa wale wale wachache. La pili, baraza itakuwa mara mbili kwa wiki, na kahawa tutaipika sisi wenyewe. La tatu, halingoji miaka minne: kila Jumamosi na Jumapili baada ya alfajiri jiko ni letu, na saa hiyo ni ya mwenzetu na msahafu wake. Amempata ustadha mmoja jirani atakayemsikiliza.

Mama zetu, nanyi mna sehemu yenu katika haya. Mwenzetu alipiga simu nyumbani mara tano siku ya kwanza, na kila mara aliambiwa kuwa kuku wamekula na nyanya amekunywa dawa. Siku ya tatu hakupiga. Nyumba haikuanguka. Waachieni watoto wenu wakubwa, wa kiume na wa kike, waibebe nyumba siku mbili tatu. Nanyi watoto, msingoje kuombwa.

Wala si lazima Unguja. Asiye na nauli ya ndege ana Shimoni, ana Lamu, ana jioni moja katika bustani ya Mama Ngina, mume na mke peke yao. Faida ya kuvuka mpaka ilikuwa moja, kwamba hakuna aliyetubishia hodi. Mkiweza kuipata faida hiyo karibu, ni nafuu zaidi. Ila mkifika, mkaushinde ule ukimya wa mwanzo, msiukimbie. Na bwana amuulize mkewe swali lile kabla hajaulizwa yeye.

Jumamosi iliyopita tulirudi kutoka msikitini tukaketi kitini kama desturi yetu, tukingoja chai. Mwenzetu alikuwa chumbani, sauti yake ikisikika, hakutoka. Dakika kama ishirini zikapita kabla hatujakumbuka zamu ilikuwa ya nani. Chai tuliyoipika ilizidi tangawizi. Aliinywa yote, akasema, "Yafaa," akarudi kwenye msahafu wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie huruma nyumba zetu, awape mama zetu raha ya dunia kabla ya uzee kuwachosha na raha ya Akhera ambayo haina mwisho, na atujaalie sisi waume kuyatenda tunayoyasomesha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.